Mwalimu Aliyeandika Kura za Wengine

Kabla sijasema alichotufanyia, niseme kwanza kwamba nilimpenda. Sitaki mtu aje kuniambia mama huyu ana kinyongo. Kinyongo ninacho, tena nimekilea miaka, lakini Mwalimu nilimpenda, na mpaka leo nikisikia mtu anasoma kwa sauti, polepole, akipumzika pale panapotakiwa kupumzika, shingo yangu inageuka yenyewe.

Jina lake silitaji. Hata wakati ule pale Mulongwe, mtaa wetu wa Uvira, hapakuwa na aliyelitumia. Walimu wa misheni walikuwa wengi, na kila mmoja aliitwa kwa jina lake au kwa kalasi yake, darasa alilofundisha, lakini ukisema Mwalimu, ukanyamaza, kila mtu alijua ni yule mrefu wa karibu na mto, mwenye kutembea na viatu mkononi.

Viatu vile! Alikuwa na jozi moja, nyeusi. Asubuhi alitoka nayo nyumbani ameishika kwa vidole viwili, akapita matopeni miguu mitupu mpaka mlango wa shule, ambapo wanafunzi walikuwa wamemwekea ndoo ya maji. Alinawa miguu, akaikausha kwa kitambaa, akavaa soksi, akavaa viatu, na kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Kengele ya saa sita ikilia alivivua, na ukimkuta njiani ungeweza hata kumtania. Ndani ya viatu, thubutu! Mke wake alikuwa akituambia, "Huyu bwana akivaa viatu, hata minye bibi yake ananiita madamu."

Alihesabu kwa Kirundi, maana kwao kulikuwa Runingu, kule bondeni Ruzizi. Alifundisha kwa Kiswahili na alikasirika kwa Kifaransa. Akikasirika kweli kweli alinyamaza, na hapo ndipo tulipoogopa. Mimi alinifundisha kusoma wakati wasichana waliofika shuleni walikuwa wa kuhesabika, na baba alipokuja kuuliza msichana atafanya nini na herufi, Mwalimu alimjibu, "Yeye pia iko na macho." Baba alicheka, nami nikabaki kalasi. Deni hilo la moyo ninalo, sitalikana.

Kazi yake ya pili, ambayo hakuna aliyemlipa, ilikuwa barua. Jumapili baada ya misa watu waliketi kwenye benchi lake wakisubiri zamu, wazee wenye watoto mjini Usumbura, wanawake ambao waume zao walikuwa wamekwenda machimboni. Aliwasomea barua zao, akaandika majibu. Hakupunguza kitu. Mtoto akiwa amemtukana mzazi, Mwalimu alisoma tusi lote, taratibu, kisha akasubiri. Siku moja mzee mmoja alimpigia kelele, "Weye unanitukana mbele ya batu?" Mwalimu akamwonyesha karatasi. "Aliyekutukana ni mutoto yako, muzee. Minye niko na soma tu. Niendelee?" Mzee akasema endelea.

Kulikuwa na mke na mume, majirani zetu wa nyumba ya tatu. Jumapili moja yule mama alikuja kuandikiwa barua kwa kaka zake, waje wamchukue, amechoka na ndoa. Jumapili iliyofuata mume akaja kuandikiwa barua kwa wakwe hao hao, kuwashukuru kwa mke mwema waliyempa. Mwalimu aliandika zote mbili kwa mkono ule ule mzuri, akazifunga, na uso wake haukusogea. Kaka walipofika, mtaa mzima ulishangaa. Mwalimu alikuwa amekaa nyumbani anasahihisha madaftari. Mambo yaliyoingia sikioni mwake hayakutoka kinywani, na ndiyo maana watu walimletea mambo yao yote.

Lakini nami nilimkamata mara moja. Bibi mmoja jirani yetu alikuwa na mtoto aliyekaa miaka bila kuandika. Siku barua ilipofika nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi, na kwa kuwa nilishajua kusoma, macho yangu yalikimbia mbele ya sauti ya Mwalimu. Yule kijana aliuliza juu ya baiskeli yake tu: iko wapi, nani anaipanda, isiguswe. Basi, mwisho. Nikamsikia Mwalimu anasoma, "Na weye mama yangu, nakusalimu sana, kila siku nakuota." Bibi alilia mpaka akasahau fimbo yake pale. Alipoondoka nikasema, "Mwalimu, ile salamu haikuwa pale." Akakunja karatasi nyingine, akaniambia, "Weye unasoma haraka sana." Hatukuongea tena juu ya hilo, lakini nililihifadhi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa baba yangu, na hakuna aliyejua kilichowaunganisha. Baba alibeba magunia kwenye kinu cha mahindi. Hakujua hata kuandika jina lake. Jumapili jioni walikaa chini wakacheza kisoro, bao letu, mashimo yamechimbwa kwenye udongo wa uwanja wetu, na baba alikuwa mwizi wa kete kupindukia. Mwalimu, ambaye alichapa mtoto akitazama daftari la mwenzake, aliona kila kete iliyoibwa na hakusema kitu. Mara kwa mara alimwambia baba, "Njoo nikufundishe, miezi tatu tu." Baba alijibu, "Minye niketi na batoto? Binti yangu anasoma, inatosha." Kisha akaiba kete nyingine.

Basi, mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, Leta, serikali ya Wabelgiji, ikatangaza kwamba sisi wenyeji nasi tutachagua watu wa konseye, baraza la kukaa na bwana administrateri na kusema juu ya barabara, soko na maji. Sisi, nasema! Wanaume. Nilikwenda kwa Mwalimu nikiwa nimewaka. Wakati huo nilikuwa msichana mzima, nafundisha kushona katika shule ya masista.

"Mwalimu, minye najua kuandika, baba hajui. Juu ya nini yeye anachagua na minye hapana?"

"Leta haikuuliza nani anajua kuandika," alisema. "Iliuliza nani ni mwanaume."

"Na weye unaona ni sawa?"

"Minye naona ni sheria."

Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wake, acha niseme sasa. Mtu mwenye huruma vile, lakini akifika mahali pameandikwa sheria alisimama, hata kama nyuma yake nyumba inaungua.

Wagombea wa kwetu walikuwa wawili wa maana. Wa kwanza alikuwa babu yangu, baba yake mama, seremala wa mtaa wa Kimanga. Nusu ya milango ya Uvira alikuwa ameitengeneza yeye, na majeneza mengi. Mimi kama mjukuu nilimtania nipendavyo, nilimwita kwa jina lake lililo tupu, nilimwita hata mume wangu. Baba, ambaye alikuwa mkwe, hakulitaja jina lile hata siku moja, kama inavyotakiwa. Alisema "ule wa Kimanga", au "muzee", na akikutana naye njiani alivua kofia na kusimama pembeni. Wa pili alikuwa mwenye kinu, tajiri wa baba. Huyo hakuwa mtu mbaya. Mvua za mwaka uliotangulia, mto Mulongwe ulipoingia majumbani, alitoa kamyo yake, lori la kinu, ikabeba watoto na magodoro kwa siku nzima.

Babu hakuwa na wasiwasi. Yeye na ndugu zake walikuwa wamezaa wasichana wengi, na wasichana hao waliolewa kila kona. "Kamyo ni kamyo," alisema, "minye niko na bakwe." Aliwahesabu kwa vidole mbele yetu, na baba alikuwa kidole cha kwanza, maana mama ndiye binti yake mkubwa.

Kwa wale wasiojua kuandika, Leta ilitaka mtu mmoja aketi mezani awaandikie kura zao. Hapakuwa na mjadala nani atakuwa huyo. Mwalimu aliitwa biro, ofisi ya Leta, akainua mkono mbele ya administrateri na padri, akaapa kwamba jina atakaloandika kwa ajili ya mtu hatalisema kwa yeyote mpaka kufa. Akapewa na kanuni nyingine. Aandike jina lililotoka kinywani mwa mwenye kura, kwa sauti yake mwenyewe. Asimpendekezee mtu. Asimalizie.

Kwa kuwa watu waliogopa mambo ya biro, jioni Mwalimu aliwafanyisha mazoezi shuleni. Hakutaka kutumia jina la mgombea, isije ikasemwa anafanya kampeni, akatumia jina la Petro. Wanaume wazima wakapita mmoja mmoja, "Nachagua Petro," na yeye akaandika. Baba alilitoa kwa sauti kubwa mpaka watu wakacheka. Mwalimu akamwambia, "Vizuri sana, weye umefaulu." Nilikuwa dirishani, nikajivunia baba yangu.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Sisi wanawake tulipika. Baba alivaa koti la misa na kofia, akaenda, akarudi mchana amelowa na amefurahi. Mama alimvua koti, akamwuliza, "Umemuchagua?" Baba akasema, "Nimemuchagua. Nimemaliza kazi." Nilikuwa nao chumbani, nilisikia kwa masikio yangu.

Babu alishindwa kwa kura mbili.

Karani wa biro alisoma matokeo barazani, akasema pia kwamba zimepatikana karatasi nyeupe kadhaa, hazina jina. Watu hawakushika hilo la karatasi nyeupe, walishika zile mbili. Jumatatu nilipita shule ya Mwalimu nikakuta madirisha yamejaa watu wazima. Alikuwa amechora tablo nzima kwa chaki, kila mahali na kura zake: Kimanga, Mulongwe ya juu, Mulongwe ya mtoni. Alikuwa anawaeleza. Kimanga wamemchagua seremala kwa sababu wanalala nyuma ya milango yake. Watu wa juu wamegawanyika kati kati. "Na mtoni," alisema, "batu hawakuchagua muntu. Walichagua kamyo." Walicheka, wengine wakakubali kwa kichwa, maana ilikuwa kweli. Hakuna mtu wa biro aliyeweza kueleza vile namna watu walivyochagua.

Mtu mmoja akauliza kutoka dirishani, "Na hizi nyeupe, Mwalimu?"

Mwalimu alichukua kitambaa akaifuta ile safu ya mwisho. "Hizo hazina mwenyewe," akasema, akapiga kengele, na ilikuwa bado robo saa kengele kulia. Nikaona amekosea saa, yeye ambaye hakukosea saa.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Kwenye kinu vijana wenye kubeba magunia walianza kujisifu kwenye pombe, kwamba hata mkwe wa seremala alikuwa wa upande wao. Maneno yakafika Kimanga kabla ya giza. Babu akawaita wakwe zake wote. Wale waliosoma wakasema tuliandika kwa mikono yetu wenyewe. Baba akasema, "Muzee, minye nilikuchagua." Babu akamwuliza kazi anafanya kwa nani, anakula chakula cha mchana kwa nani. Baba akajibu kwa mwenye kinu. "Basi," babu akasema, "nimekusikia."

Kesho yake alimwita mama arudi nyumbani. Ng'ombe wa mahari hakuwarudisha, na ndoa ya misheni haivunjwi, hilo alilijua. Alisema tu kwamba binti yake hatalala katika nyumba ya mtu aliyemwaibisha mbele ya Uvira yote. Mama angeweza kukataa. Nilimwambia akatae. Alikaa kitandani ananiangalia, akasema, "Angemuchagua mwingine akaniambia, ningekasirika wiki moja, ingekwisha. Lakini aliniapia uongo nikiwa na koti lake mkononi." Akafunga vitu vyake kwenye kitenge, akaondoka mchana kweupe, akapita mbele ya nyumba ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni. Alisimama. Mama hakumtazama.

Jioni ile nilikwenda kwake nikapiga magoti. Ndiyo, nilipiga magoti, na si mtu wa kupiga magoti mimi.

"Mwalimu, ni weye peke yako ulijua baba alichagua nani. Sema neno moja tu. Hata usiseme kwa batu, umwambie mama."

"Niliapa."

"Nyumba yetu inakufa."

"Nikisema ya mmoja," alijibu, "kesho watakuja wote. Kila mwanamke ataniuliza juu ya bwana yake, kila kaka juu ya ndugu yake. Hakuna nyumba itabaki." Akaninyanyua. Aligeuza uso upande, nikafikiri ni kwa sababu ya kutuhurumia.

Na niseme haki: hoja yake ilikuwa na maana. Wengi walimjia mwaka ule. Mwenye kinu mwenyewe alimtumia mbuzi ili aambiwe ni nani watu wake wa kweli, na Mwalimu akamrudisha mbuzi na kamba yake. Kuna waliomwita mwoga, kuna waliosema mtu mmoja tu mnyofu Uvira ni yule. Nami nilisema mnyofu. Nilipika chakula cha baba, nikabeba kingine Kimanga kwa mama, nikarudi, na nikipita nilimsalimu Mwalimu kwa heshima. Nilifanya hivyo miaka!

Baba hakumwuliza kamwe. Jumapili waliendelea na kisoro, lakini baba aliacha kuiba kete, na mchezo ukawa hauna ladha. Kuna siku nilimsikia anamwambia Mwalimu, "Weye unajua." Mwalimu akajibu, "Najua." Baba akasema, "Inatosha, rafiki yangu." Mtu alikuwa ametulia, kwa sababu aliamini kwamba duniani kuna mwenzake mmoja anayejua kwamba hakudanganya.

Uhuru ulikuja, babu akafa, mambo mengi yakatokea ambayo si ya leo. Mama alibaki Kimanga hata baada ya babu kuzikwa. Mwalimu alizeeka akarudi kwao Runingu kulima mpunga. Halafu mwaka mmoja, wakati wa kiangazi, baba alianguka na gunia begani, na siku ya pili akafa.

Tulimzika. Watu wakakaa msibani kwetu Mulongwe, wanawake kwenye mkeka, na mahali pa mjane, karibu na mlango, pakabaki wazi. Shangazi zangu hawakutaka mtu apakalie na hawakutaka pia kumwita mama. Mama alikuwa amepata habari, lakini hakuja. Nikaona siwezi kukaa na kutazama nafasi ile, nikasema nakwenda Runingu kumpa habari rafiki yake.

Nilimkuta shambani, miguu mitupu, amekonda, macho yameingia ukungu. Alinijua kwa sauti. Nikamwambia. Akakaa chini pale pale kwenye tuta, akavua kofia, akaiweka juu ya magoti. Nilifikiri anaomba.

"Binti yangu," akasema baadaye, "niliapa sitasema jina niliandika kwa muntu."

"Najua, Mwalimu. Sikuja juu ya hiyo."

"Kwa baba yako sikuandika jina."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, akipumzika pale panapotakiwa, kama barua ya mtu mwingine. Baba aliingia, akavua kofia, akasimama mbele ya meza. Mwalimu akamwambia, sema jina. Baba akasema, "Nachagua ule muzee alinipatia bibi." Mwalimu akasema, jina. Baba akasema, "Unamujua." Mwalimu akasema tena, jina. Baba akainamisha kichwa. Jina la baba mkwe! Miaka yote ile ulimi wake haukuwahi kuligusa, na sasa alitakiwa kulitoa kwa sauti mbele ya askari na karani, kofia mkononi. Wakwe waliosoma waliliandika bila kufungua kinywa. Yeye alitakiwa aliseme. Na sisi sote, babu na vidole vyake, mama, mimi na kusoma kwangu, Mwalimu na Petro wake, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria jambo hilo.

"Akanyamaza," Mwalimu alisema. "Minye kalamu iko mkononi. Sheria inasema jina litoke kinywani mwake. Nikakunja karatasi nyeupe nikamupa. Alikuwa anatazama chini, hakuona kama sikuandika. Alifikiri nimeandika. Aliniambia aksanti."

"Na zile nyeupe zingine?"

"Za wengine usiniulize."

Sikuhitaji kuuliza. Babu alikuwa na ndugu, na ndugu walikuwa na mabinti, na mabinti walikuwa na waume wenye adabu. Wakwe aliowategemea ndio waliomwangusha, kwa heshima yao.

Hasira iliyonipanda siku ile sijapata kuiona tena. Nilimwambia, "Bibi ya jirani ulimwongezea salamu ambayo mutoto wake hakuandika. Macho yangu iliona! Kwa baba yangu, rafiki yako, ulishindwa kuandika jina ambalo ulilijua?"

"Ile ilikuwa barua," akasema. "Ile nyingine ilikuwa sheria." Kisha akatikisa kichwa. "Apana. Sheria ilinizuia siku ile moja tu. Kisha ilikuwa minye."

"Tangu lini ulijua kwamba kiapo hakikukufunga, maana hapakuwa na jina?"

"Tangu siku mama yako alipita mbele ya mulango yangu na kitenge chake. Nilisimama nimwambie. Alafu nikafikiri, batu wataniuliza: ulijua anamutaka nani, kalamu iko mkononi mwako, juu ya nini hukuandika? Niliona haya. Nilikuwa Mwalimu." Alivuta pumzi. "Nikakaa tena. Na kila mwaka ilikuwa ngumu kushinda mwaka uliopita."

Nililia, na yeye alilia, na sikumfariji. Kisha akanyanyuka kwa shida, akauliza, "Mama yako iko bado Kimanga?" Nikasema yupo. Akasema, "Twende."

Tulipanda kamyo ya mihogo mpaka mjini. Kimanga tulimkuta mama uwanjani, amevaa kitenge cha rangi nyekundu, cha siku zote, anachambua maharagwe kwenye ungo. Alimtazama Mwalimu, akamwonyesha kiti. Mwalimu akakataa kiti. Alisimama mbele yake kofia mkononi, akasema yote tangu mwanzo, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kirundi, bila kujitetea, hata yale ya haya yake. Mama hakuinua kichwa. Ila vidole vyake vilisimama ndani ya maharagwe.

Mwalimu alimaliza. Nilisubiri mama amtukane. Nilitaka amtukane.

"Alisimama muda gani?" mama akauliza.

"Muda murefu, mama. Mpaka askari alikohoa."

"Na hakulitaja."

"Hakulitaja."

Mama aliweka ungo chini. Akafungua kilemba, akatoa hereni moja, akatoa na ya pili, akavua viatu. Aliingia ndani akatoka na kipande cha kaniki, nguo ya msiba, amekifunga kiunoni juu ya kile kitenge chekundu, mikono yake haifanyi haraka. Akaniambia, "Tangulia Mulongwe. Waambie shangazi zako wasogee, minye nakuja kukaa mahali pangu."

Nikatoka mbio. Sikuwa nimefika barabarani nilipomsikia nyuma yangu ameanza kulia, kwa sauti yote, kama mke anavyomlilia mume, na alikuwa anamwita baba kwa jina lake.